Je, "Deposit" Ni Akiba au Ni Wekeni?

Somo kwa vikundi: jinsi ya kutofautisha nomino na kitenzi katika Kiingereza

Leo tunaacha kidogo habari za mboji na mizinga ya nyuki, tuangalie jambo la lugha. Tunajua wengine watauliza, sasa Kiingereza kinahusiana nini na mbuzi wetu, au na mchango wa kila Jumanne? Ngojeni kwanza tuwaeleze kisa kimoja.

Kikundi fulani cha akina mama, ambacho hatutakitaja jina, kiliomba tangi la kuvunia maji ya mvua. Mpango ulikuwa kwamba kikundi kitoe sehemu yake kwanza, halafu wenye mradi wamalizie iliyobaki. Akina mama wakajaza fomu, wakangoja. Barua ikaja kupitia kwetu, nasi tukaipeleka ikiwa imefungwa vile vile. Ndani yake mlikuwa na salamu, shukrani, na sentensi moja iliyobeba mzigo wote:

Deposit 15,000 shillings by 30th April.

Mweka hazina wao amesoma mpaka darasa la saba, na neno "deposit" analijua sana kwa sababu ameliona miaka mingi kwenye kitabu cha benki. Deposit ni akiba. Basi akawasomea wenzake: "Akiba ni shilingi elfu kumi na tano, mpaka tarehe thelathini Aprili." Na kwa kweli katika akaunti yao walikuwa na kiasi kinachokaribia hicho. Kwa hivyo waliona kwamba wenye mradi wamehakikisha tu kuwa pesa zipo. Wakapiga vigelegele, barua ikawekwa kwenye faili, wakaendelea kungoja tangi.

Aprili ikaisha. Mwezi wa Mei wakasikia kwamba tangi limeenda kwa kikundi kingine ng'ambo ya mto. Walitujia wakiwa na hasira, na walikuwa na haki. Tulipoisoma barua pamoja ndipo ikaonekana kwamba "deposit" pale haikuwa akiba hata kidogo. Ilikuwa amri: wekeni. Wekeni shilingi 15,000 kabla ya tarehe 30 Aprili kupita.

Kosa hilo hatumwekei mweka hazina peke yake. Sisi tuliobeba barua hatukukaa hata dakika kumi kuuliza kama imeeleweka. Tena mtu anaweza kusema barua ingeandikwa kwa Kiswahili. Ni kweli. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na lugha rasmi ni mbili, Kiswahili na Kiingereza. Hakuna ubaya kikundi kuomba barua zake kwa Kiswahili, na sisi tunawahimiza mwombe. Lakini huku tukiomba, karatasi zinaendelea kuja kwa Kiingereza: fomu za mkopo, vibandiko vya dawa, mikataba ya kuuza maziwa. Afadhali tujifunze kuzifungua.

Nomino na kitenzi ni kitu gani

Shuleni watoto hufundishwa kwamba nomino ni jina la mtu, la mahali au la kitu, na kitenzi ni neno la kutenda. Kwa Kiingereza nomino huitwa "noun" na kitenzi huitwa "verb". Maelezo hayo yanatosha kuanzia. Mama, soko na jembe ni nomino. Lima, uza na beba ni vitenzi. Hapo hakuna shida.

Lakini ukiyategemea maelezo hayo peke yake yatakuangusha njiani. Chukua neno "theft", maana yake wizi. Wizi ni jambo la kutenda, tena kwa haraka sana, na hata hivyo ni nomino. "Meeting", mkutano, ni jambo ambalo watu wanalifanya, nalo ni nomino. Upande wa pili kuna neno "owe", yaani kudaiwa. We owe 5,000 shillings, tunadaiwa shilingi 5,000. Hicho ni kitenzi, ingawa anayedaiwa anaweza kuwa amelala kitandani na hakuna kidole anachokiinua.

Kwa hivyo usiulize tu neno lina maana gani. Uliza linafanya kazi gani hapo lilipo. Mama yule yule ni mwenyekiti siku ya Jumanne akiwa mbele ya mkutano, na ni mnunuzi wa sukuma wiki siku ya Jumatano akiwa sokoni. Sura ni ile ile. Unamjua kazi yake kwa mahali alipo na kwa watu aliosimama nao. Maneno ya Kiingereza ni hivyo hivyo.

Kiswahili chetu hakitusumbui namna hiyo. Kopa ni kitenzi, mkopo ni nomino. Changa, mchango. Lipa, malipo. Lima, kilimo. Linda, ulinzi. Iba, wizi. Neno likihama kutoka kazi moja kwenda nyingine, linabadilisha nguo, na kila mtu analiona. Tena kitenzi chetu hutembea kimebeba mizigo yake mgongoni. Tukisema tutalipa, "tu" inaonyesha ni sisi, "ta" inaonyesha ni baadaye, na "lipa" ndiyo kazi yenyewe. Hata maneno tuliyoazima tunayavalisha hivyo hivyo. Ripoti ni karatasi au habari. Tukitaka kitenzi tunasema kuripoti, ameripoti, wataripoti. Hata mtoto hawezi kukosea.

Sasa angalia Kiingereza. Karatasi ya ripoti ni "report", na kitendo cha kuripoti ni "report". Faini ni "fine", na kutoza faini ni "fine". Amana ni "deposit", na kuweka amana ni "deposit". Kura ni "vote" na kupiga kura ni "vote". Hisa ni "share", na kugawana ni "share". Mmea ni "plant", na kupanda ni "plant". Maziwa ni "milk", na kukama ni "milk". Kiti, au yule anayekikalia kwenye mkutano, ni "chair", na kuongoza mkutano ni "chair". Si mnaona? Haya ndiyo maneno ya kikundi, ya kila wiki, na karibu yote yanavaa nguo moja kazini na nyumbani.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Miaka 1000 iliyopita Kiingereza nacho kilikuwa na miisho ya kuonyesha kazi ya neno. Upendo walikuwa wakisema "lufu", na kupenda wakasema "lufian". Polepole miisho hiyo ikachakaa midomoni mwa watu, na kufikia miaka ya 1500 mingi ilikuwa imekwisha. Leo yote mawili ni "love". Kwa hivyo ukichanganyikiwa usijione mjinga. Umekutana na nyumba ambayo wenyewe waliondoa milango.

Mtego unaotunasa sisi

Kuna mtego mmoja unaotungoja sisi watu wa Kiswahili hasa. Maneno mengi ya Kiingereza yaliingia kwetu yakiwa nomino tu: stoo, fomu, benki, faini. Basi mtu akiliona neno hilo limeandikwa kwa Kiingereza, moyo wake unakimbilia ile nomino anayoijua.

Tulimtembelea mzee mmoja anayefuga ng'ombe wa gredi. Chupa ya dawa yake ilikuwa dirishani, jua linaichoma. Kwenye kibandiko pameandikwa: Store in a cool dry place. Tulipomuuliza, akatueleza kwa upole kwamba hao wenye kampuni wanasema stoo yao iko mahali penye baridi na pakavu. Ni habari njema kwao. Yeye hakuona kama kuna kitu anachoambiwa afanye. Kumbe "store" pale ni kitenzi: weka, hifadhi. Hifadhi dawa hii mahali pasipo na joto wala unyevu.

Na "form", ambayo kwetu ni fomu ya kujaza, ukiikuta katika sentensi They want to form a group, ni kitenzi: wanataka kuunda kikundi.

Tafuta kitenzi kwanza

Njia ya kwanza tunayowafundisha ndiyo tunayoipenda kuliko zote. Kila sentensi kamili ya Kiingereza lazima iwe na kitenzi. Kiswahili kinaweza kuishi bila hicho. Tunasema "Jina langu Maria", "Bei shilingi hamsini", na kila mtu ameelewa. Kiingereza hakiwezi. Lazima kiseme My name is Maria. Hilo "is" dogo ni kitenzi, pamoja na wenzake "are", "was" na "were".

Turudi sasa kwenye barua ya tangi. Deposit 15,000 shillings by 30th April. Tuseme "deposit" ni nomino, akiba. Je, kitenzi kiko wapi? Tafuta. "15,000" ni hesabu. "Shillings" ni pesa. "By" ni kabla ya kupita. "April" ni mwezi. Hakuna "is", hakuna "was", hakuna chochote. Sentensi imebaki bila kitenzi, na Kiingereza hakikubali. Kwa hivyo neno pekee linaloweza kuwa kitenzi ni lile la kwanza, "deposit". Na kitenzi kikisimama mwanzoni kabisa, bila mtu mbele yake, mara nyingi ni amri au ombi. Kama barua ingetaka kusema akiba yenu ni kiasi fulani, ingesema Your deposit is 15,000 shillings.

Mweka hazina aliteleza hapo hasa. Aliisoma sentensi kama Mswahili, akaongeza "ni" ambayo haikuandikwa. Kwa Kiswahili "Akiba, shilingi elfu kumi na tano" ingepita vizuri. Akili yake haikuwa mbovu. Ilitumia kanuni za lugha nyingine.

Ukitaka kuhakikisha, weka neno "please" mbele, yaani tafadhali. Please deposit 15,000 shillings. Imekubali. Please store in a cool dry place. Imekubali. Hivyo ni vitenzi vya amri. Lakini Please my deposit is 15,000, hapana, hilo limekwama kooni.

Kuna jambo moja la kuangalia. Fomu, risiti na vibao si sentensi kamili. Ukiona Deposit: 15,000, na hizo nukta mbili katikati, hapo ni nomino, ni jina la kisanduku tu. Nukta mbili zile zinafanya kazi ya "ni".

Mwangalie jirani wa kushoto

Njia ya pili ni kumwangalia anayetangulia mbele ya neno. Nomino hupenda kutanguliwa na "a", "an" au "the", au na mwenye mali: "my", "your", "our", "their". Pia "this", "every", au hesabu. A loan, our vote, the plant, three shares, every report. Ukimwona jirani huyo, anayefuata ni nomino.

Kitenzi hutanguliwa na mtendaji mwenyewe: "I", "you", "we", "they". Au hutanguliwa na vile vidogo vinavyobeba wakati na lazima: "will", "must", "can", "may", "should", "do not". We vote. They will report. You must share. Do not milk a sick cow. Kwa Kiswahili vidogo hivyo tumevishona ndani ya kitenzi chenyewe. Wazungu wameviacha vikitembea mbele kwa miguu.

Halafu kuna "to". Hii mara nyingi inafanya kazi kama ku- yetu: to plant ni kupanda, to vote ni kupiga kura. Lakini "to" pia ni njia ya kwenda mahali. We go to market, tunaenda sokoni, na "market" hapo ni nomino. We want to market our honey, tunataka kuitafutia asali yetu soko, na hapo "market" ni kitenzi. Uliza: hiyo "to" inapeleka miguu mahali, au inafungua kazi?

Tena jirani wa kweli anaweza kuwa mbali kidogo kwa sababu kuna sifa zimeingia katikati. Our first yearly report: "our" bado ni jirani wa "report", ingawa wageni wawili wameketi kati yao. Usidanganywe na wageni.

Maneno mawili tunayoyatumia kwenye katiba za vikundi yametuchekesha na kutuumiza. La kwanza ni "fine". Kikundi kimoja kilinakili kanuni kutoka kwa wengine: Fine members who come late. Maana yake watozeni faini wanachama wanaochelewa. Lakini "fine" ina maana ya tatu pia, nzuri au sawa, kama mtu akisema I am fine. Kijana mmoja akasimama akatetea kwamba kanuni inasema wanachama wanaochelewa ni wazuri tu, wasisumbuliwe. Watu walicheka mpaka machozi, lakini yeye hakuwa anatania, na alikuwa amechelewa. Hebu tumia njia ya kwanza: kitenzi cha sentensi kiko wapi? "Come" kipo, ndiyo, lakini hicho kimefungwa na "who", kinaeleza tu ni wanachama gani. Kitenzi kikuu ni "fine" chenyewe.

La pili ni "minutes". Kumbukumbu za mkutano ni "the minutes", nomino, na siku zote zina -s. Lakini mtu akisema The secretary will minute this matter, anataka katibu aliandike jambo hilo. "Will" amekuonyesha.

Ile herufi S

Hapa tutakaa kidogo, maana hapa ndipo pesa zinapotea.

Mmefundishwa kwamba S mwishoni ni wingi. One goat, two goats. Ni kweli kwa nomino. Lakini kitenzi nacho huvaa S, na huivaa wakati mtendaji ni mmoja: he, she, it, au jina la mtu au kitu kimoja, kwa mambo ya kila siku. She votes. The cow drinks. Ni kama vituko: nomino ikiwa nyingi inavaa S, kitenzi kinaivaa mtendaji akiwa mmoja.

Sasa soma hizi mbili kutoka kwenye karatasi za mkopo:

The bank charges 300 shillings every month.

The bank charges are 300 shillings every month.

Katika ya kwanza, benki inatoza shilingi 300. "Charges" ni kitenzi, na "bank" ndiyo mtendaji. Katika ya pili, ada za benki ni shilingi 300. "Are" ndicho kitenzi, na "charges" imekuwa nomino. Mwanzo wa sentensi zote mbili ni ule ule, the bank charges, neno kwa neno. Huwezi kujua mpaka ufike mbele. Ndiyo maana tunasema usitafsiri sentensi ya Kiingereza kabla hujafika kwenye nukta. Wengi wetu tunatafsiri neno kwa neno kidole kikiwa kwenye mstari, na tukifika katikati tayari tumeamua.

Katika hizo mbili maana zinakaribiana na hasara ni ndogo. Lakini chukua The group shares the loss. Hapa kikundi kinagawana hasara, yaani kila mtu atoe mfukoni. Anayesoma "shares" akafikiri ni hisa atadhani wanaambiwa habari ya hisa zao, atatia sahihi kwa furaha.

Na mmegundua kwamba "bank charges" ni nomino mbili zinazofuatana? Kiingereza hupenda hivyo: loan form, water tank, milk price. Ya mwisho ndiyo kichwa, na ya mbele inaeleza ni ya namna gani. Soma kutoka nyuma, utapata Kiswahili safi: fomu ya mkopo, tangi la maji, bei ya maziwa.

Jana, na sauti

Njia nyingine fupi: ongeza "yesterday", jana. Kitenzi lazima kishtuke na kubadilika. We plant beans itakuwa Yesterday we planted beans. We sell eggs itakuwa Yesterday we sold eggs. Nomino hazina habari na jana. Maharagwe ni "beans" jana na leo. Viko vitenzi vichache vyenye ukaidi, kama "put" na "cut", ambavyo havibadiliki, lakini ni vichache.

Kwa wale wanaosikiliza redio au kuhudhuria semina, sikio linasaidia pia. Kiswahili hukaza sauti kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu siku zote. Kiingereza hukaza mahali tofauti, na maneno kadhaa hukazwa mwanzoni yakiwa nomino na mwishoni yakiwa vitenzi. "Record": RE-kod ni kumbukumbu, ri-KOD ni kuandika kumbukumbu. "Permit": PER-mit ni kibali, per-MIT ni kuruhusu. "Produce": PRO-dyus ni mazao, pro-DYUS ni kuzalisha. "Increase" vilevile, na "refund". Si yote, "report", "deposit" na "charge" hukazwa pale pale.

Mengine hubadilisha S na Z. "Use" ikiisha na S ni matumizi, ikiisha na Z ni kutumia. Kwenye chupa ya dawa pameandikwa Shake well before use, tikisa vizuri kabla ya matumizi, nayo ni S. "Advice" ni ushauri, na "advise" ni kushauri. Hapa wametuhurumia wakabadilisha hata herufi.

Kuna na miisho inayosaidia, tuipite haraka. Neno likiisha na -ment, -tion au -ness, kwa kawaida ni nomino: payment, registration, illness. Likiisha na -ify au -ise, mara nyingi ni kitenzi: certify, organise. Na -ing inaweza kuwa yote mawili. Farming is hard work, kulima ni kazi ngumu, hapo ni nomino. We are farming, tunalima, hapo ni kitenzi. Hilo lisiwashangaze, maana ku- yetu hufanya hivyo hivyo: "kuimba kwake" kunapendeza, tunakuhesabu kama jina kabisa.

Zoezi la kikundi

Kaeni duara. Kila mtu awe na punje chache za mahindi na maharagwe chache. Anayejua kusoma asome sentensi pole pole, mara mbili, mpaka kwenye nukta, halafu aitafsiri nzima. Kisha ataje neno moja. Anayeona ni nomino aweke hindi mbele yake. Anayeona ni kitenzi aweke haragwe. Mkitofautiana, msikimbilie jibu. Kila upande useme kwa nini: umemwona jirani gani, kitenzi kikuu ni kipi. Hata asiyejua kusoma anashiriki, na tumeona mara nyingi yeye ndiye anayesikia vizuri kuliko wenye shule.

1. They plan a visit to our farm. Maneno: plan, visit, farm.
2. They will visit us and see our plan. Visit, plan.
3. Record every payment in the record book. Record ya kwanza, payment, record ya pili.
4. The chair asked us to vote. Chair, vote.
5. The bank charges interest. Charges.
6. Interest charges increase every year. Charges, increase.
7. Transport the tank from our store before 20th October. Transport, store.

Majibu haya yafunikwe mpaka mmalize. Ya kwanza: plan ni kitenzi, visit na farm ni nomino. Ya pili: visit ni kitenzi kwa sababu ya "will", plan ni nomino kwa sababu ya "our". Ya tatu: record ya kwanza ni amri, payment ni nomino, na record ya pili ni nomino inayoeleza ni kitabu gani. Ya nne: chair ni nomino, vote ni kitenzi. Ya tano: charges ni kitenzi, benki inatoza riba. Ya sita itawagombanisha, na ni vizuri. Charges pale ni nomino, ada za riba, na kitenzi ni increase, zinaongezeka. Anayeng'ang'ania kwamba charges ni kitenzi, mwulizeni riba inatoza nini.

Sentensi ya saba tumeitoa kwenye barua ya pili ya wale akina mama wa tangi. Waliomba tena, na safari hii waliweka pesa kabla ya tarehe. Wengi wao walidhani wenye mradi wataleta tangi mpaka kijijini, na mmoja alipoliona neno "transport" akasema si hiyo hapo, usafiri upo. Mweka hazina akanyamaza, akaisoma sentensi mpaka kwenye nukta. Akaweka "please" mbele, akaisoma tena. Halafu akaikunja barua, akauliza ni nani kati yao ana jirani mwenye pikapu.